Transfoma Sambamba na Benki ya Fezi Tatu: Mwongozo Kamili wa Impidansi, Hatua kwa Hatua

Malalamiko ni yaleyale. Fundi ana transfoma mbili, kVA zimejumlishwa vizuri kwenye karatasi, mzigo haujafika hata hiyo jumla, lakini moja inachemka na mwenzake iko vuguvugu. Au amepanga transfoma tatu za fezi moja kuwa benki, akazidisha asilimia ya impidansi (kipingamizi cha ndani cha transfoma kwa mkondo) mara tatu, na hesabu zote zilizofuata zikapotoka. Au amefunga swichi ya kuunganisha na breka zikaruka kwa kishindo kabla hajawasha taa moja.

Chanzo cha yote matatu ni kwamba watu husoma kVA na volti kwenye kibati (bamba la maelezo ya transfoma), kisha hawaulizi tena kitu kingine. kVA zinasema transfoma inaweza kubeba kiasi gani. Kiasi ambacho itabeba kweli ikiwa sambamba na nyingine huamuliwa na impidansi.

## Vitu vya kuwa navyo

- Picha au nakala ya kibati cha kila transfoma, yaani maandishi yote
- Maltimita mbili zinazostahimili volti 1,000, na nyaya zake za kupimia ziwe nzima
- Klampu mita moja ya mikondo midogo na nyingine ya mikondo mikubwa
- Mita ya mfuatano wa fezi
- Pau bapa za shaba za kufungia shoti upande wa msongo mdogo, pamoja na bolti zake
- Chanzo cha umeme wa fezi tatu wa volti 415 chenye breka yake, kwa ajili ya kipimo cha impidansi
- Kifaa cha kuhakikisha umeme haupo kwenye msongo mkubwa, waya za ethi za muda, kufuli na vibao vya tahadhari
- Glovu za kuhami, miwani, na mtu wa pili anayejua kinachofanyika

Huyo mtu wa pili si pambo. Nusu ya vipimo vilivyomo humu vinataka mmoja ashike nyaya za kupimia na mwingine asome na kuandika.

## Onyo la kwanza: umeme wa kurudi

Transfoma haijui upande gani ni wa kuingilia. Ukiwa na mbili sambamba, ukafungua swichi ya msongo mkubwa ya moja tu, ile nyingine inaendelea kuilisha kupitia basiba (pau ya pamoja ya kugawia umeme) ya msongo mdogo. Matokeo yake, bushingi (vihami vya temino) unazodhani zimekufa zina volti 11,000 kamili. Fungua pande zote mbili, piga kufuli, hakikisha kwa kifaa, funga ethi, ndipo uguse. Kipimo chochote kinachotajwa hapa kama cha transfoma iliyozimwa kinaanza baada ya hayo.

## Hatua ya 1: Soma kibati chote

Kwa kila transfoma andika kVA, volti za pande zote, impidansi kwa asilimia, kundi la vekta (namna koili zilivyofungwa na pembe kati ya pande mbili, kwa mfano Dyn11), nafasi za tepu (vituo vya kurekebisha volti kidogo) na nafasi iliyopo sasa.

Asilimia ya impidansi maana yake ni hii: ukifunga shoti upande mmoja, ni asilimia ngapi ya volti za kawaida za upande wa pili zitakazopitisha mkondo kamili wa transfoma hiyo. Ya 11,000/415 yenye 4.5% inahitaji volti 495 tu kwenye upande wa 11,000. Thamani hii ni moja ukiitazama kutoka upande wowote, na ndiyo sababu inatumika badala ya omu.

Angalia kama namba iliyochapwa ni ya kipimo halisi au ya muundo tu. Kwa transfoma za impidansi ya chini ya 10%, kiwango cha kimataifa cha umeme cha IEC kinaruhusu tofauti ya asilimia kumi juu au chini ya iliyoahidiwa. Kwa hiyo mbili zilizoagizwa zikiwa za 4% zinaweza kuja moja ikiwa 3.6% na nyingine 4.4%, na zote zimepita. Ukiziweka sambamba, kila moja ikiwa ya kVA 500, jumla salama si 1,000 bali kama 909.

Umefanikiwa ukiwa na jedwali lisilo na nafasi tupu. Kama kibati kimeliwa na kutu, usikisie. Nenda hatua ya 2.

## Hatua ya 2: Pima impidansi

Ruka hatua hii kama transfoma ni mpya na cheti chake cha majaribio kiko mkononi. Kwa iliyotumika, iliyohamishwa au iliyowahi kupigwa na shoti kubwa, usiruke. Koili zikisogea, impidansi hubadilika.

1. Transfoma iwe imetengwa kabisa pande zote mbili, na ethi za muda ziondolewe upande utakaoulisha.
2. Funga shoti temino za msongo mdogo kwa pau za shaba. Kaza bolti hasa.
3. Lisha volti 415 za fezi tatu upande wa msongo mkubwa kupitia breka.
4. Soma volti na mkondo wa kila fezi kwa haraka, kisha zima.

Hesabu yake:

Z% = (volti ulizolisha ÷ volti za kawaida) ÷ (mkondo uliosoma ÷ mkondo kamili) × 100

Tuchukue kVA 500, 11,000/415. Mkondo kamili upande wa msongo mkubwa ni ampea 26.2. Umelisha 415, ambayo ni 3.77% ya 11,000, na klampu inasoma 22.0, ambayo ni 0.838 ya mkondo kamili. Gawanya 3.77 kwa 0.838, unapata 4.5%. Kama tepu haiko katikati, volti za kawaida unazoweka kwenye hesabu ni za tepu hiyo.

Wengi huharibia kwenye shoti yenyewe. Ampea 22 upande wa juu ni ampea 583 kwenye zile pau za chini. Na impidansi yote ya transfoma hii, ukiihesabu upande wa volti 415, ni kama miliomu 15.5 kwa fezi. Kipande cha kebo nyembamba au bolti iliyolegea kinaweza kuongeza miliomu moja au mbili bila kuonekana kwa macho, ukaishia kupima kebo yako badala ya transfoma. Shika pau baada ya kuzima na kuthibitisha: kiungo kilichopata moto kuliko vingine ndicho kilichokudanganya.

Umefanikiwa ikiwa fezi tatu zinakaribiana na jibu linakaribia kibati. Tofauti ikivuka asilimia tatu hivi ya thamani ya kibati, mimi huanza kuishuku transfoma, na siiweki sambamba na kitu mpaka sababu ijulikane.

## Hatua ya 3: Impidansi ya benki ya transfoma tatu

Hapa pana kosa linalorudiwa kuliko yote, kwa hiyo twende polepole.

Una transfoma tatu za fezi moja, kila moja kVA 50, 4%, volti 240 upande wa chini. Benki yake ni kVA 150. Impidansi ya benki ni 4%. Si 12%, wala si 1.33%. Usizidishe, usigawanye.

Thibitisha kwa omu. Msingi (omu zinazohesabiwa kuwa 100%) wa transfoma moja ni 240² ÷ 50,000, yaani omu 1.152, asilimia 4 yake ni omu 0.046. Ukizifunga staa (ncha moja ya kila koili zikikutana kwenye niutro), volti za laini ni 416, na msingi wa benki ni 416² ÷ 150,000. Unarudi kwenye omu 1.152 ileile. Ukizifunga delta (koili zikifuatana kwa umbo la pembetatu), omu 0.046 kati ya laini ni sawa na omu 0.0154 kwa fezi ya staa. Msingi nao umeshuka hadi 240² ÷ 150,000, yaani 0.384. Gawanya: 4% tena. Omu zinabadilika kulingana na ufungaji, asilimia haibadiliki.

Na zikiwa hazilingani? Kwenye benki ya delta-delta (delta juu na chini), yenye impidansi ndogo inajitwika zaidi hata mzigo ukiwa umesawazika. Mbili za 4% na moja ya 3%: hiyo ya 3% inabeba kama asilimia 9 zaidi ya haki yake, na zile mbili zinapungukiwa kama asilimia 4 kila moja. Ndiyo maana ukibadilisha transfoma moja iliyoungua ndani ya benki, kulinganisha kVA peke yake hakutoshi.

Benki ikipoteza transfoma moja ukaiacha ifanye kazi kwa delta wazi, usitegemee theluthi mbili. Unabaki na asilimia 57.7 ya uwezo wa awali: benki yetu ya 150 inakuwa kama 86.6. Pia usiiweke sambamba na benki kamili, kwa sababu fezi zake hazina tena impidansi sawa na mgawanyo wa mzigo utavurugika.

## Hatua ya 4: Kufunga kona ya mwisho ya delta

Unganisha kona mbili, acha ya tatu wazi. Weka maltimita kwenye nafasi hiyo, washa msongo mkubwa, soma.

- Karibu na sifuri: polariti (mwelekeo wa koili) ni sahihi.
- Volti 480 (mara mbili ya 240): transfoma moja imegeuzwa. Zima, geuza temino zake za chini, pima upya. Hii ndiyo sababu mita iwekwe kwenye nafasi ya volti nyingi tangu mwanzo.
- Volti chache, tuseme 6: hapa watu husema "ndogo hiyo" na kufunga. Volti 6 ni asilimia 2.5 ya 240, yaani transfoma moja iko kwenye tepu tofauti na wenzake. Mzunguko wa delta una impidansi tatu za omu 0.046, jumla 0.138. Gawanya 6 kwa 0.138: ampea 43 zitazunguka ndani ya delta usiku na mchana, wakati mkondo kamili wa koili ni 208. Moja ya tano ya uwezo imeliwa kabla ya mteja kuwasha chochote.

Benki yako ikiwa ni staa juu na delta chini, na niutro ya msongo mkubwa haijaunganishwa, kipimo hiki kinaweza kuonyesha volti za hamoniki ya tatu (zenye masafa mara tatu ya yale ya umeme) hata kama polariti ni sahihi. Usishtuke, lakini pia usiunganishe niutro hiyo kuzimaliza. Ukiiunganisha na niutro ya laini, benki itaanza kusaidia kila shoti ya ardhini na kila mzigo usiosawazika ulioko kwenye laini hiyo, na fyuzi zako ndizo zitakazolipa.

Kwa staa, kipimo ni chepesi: volti za laini zote tatu ziwe karibu na 416. Ukiona mbili zinasoma 240 na moja 416, kuna transfoma imegeuzwa.

## Hatua ya 5: Nani atabeba nini

Gawanya kVA ya kila transfoma kwa asilimia yake ya impidansi. Jibu hilo ndilo uzito wake kwenye mgawanyo.

Tuweke benki yetu ya kVA 150, 4%, sambamba na transfoma moja ya fezi tatu ya kVA 300, 5%, volti zikiwa sawa.

- Benki: 150 ÷ 4 = 37.5
- Transfoma: 300 ÷ 5 = 60
- Jumla: 97.5

Mzigo ukiwa 450, benki inachukua 450 × 37.5 ÷ 97.5 = kVA 173. Transfoma inachukua 277. Benki imezidiwa kwa asilimia 15 wakati mwenzake bado ana nafasi ya kVA 23.

Aliyeandika 12% kwa benki angepata kitu kingine kabisa: angedhani benki inabeba kama 78 tu, akalala usingizi, huku mafuta yakichemka.

Kikomo halisi hupatikana kwa kuanzia na ile inayojaa kwanza, ambayo siku zote ni yenye asilimia ndogo zaidi: 150 × 97.5 ÷ 37.5 = kVA 390. Hiyo ndiyo namba ya kuandika kwenye paneli, badala ya 450.

Kumbe basi ukubwa tofauti si tatizo kwa wenyewe, mradi asilimia zikaribiane. Kanuni za kazi ni impidansi zisipishane zaidi ya asilimia kumi na uwiano wa kVA usizidi tatu kwa moja. Kama huna budi kuvunja ya kwanza, afadhali transfoma ndogo ndiyo iwe na asilimia kubwa, ili ile kubwa ndiyo ijae kwanza.

Uwiano kati ya riaktansi na ukinzani, sehemu mbili za impidansi, nao ukitofautiana, mikondo ya transfoma mbili haitakuwa kwenye pembe moja na jumla ya ampea zao itazidi kidogo ile ya mzigo. Kwa ukubwa unaokaribiana athari yake ni ndogo. Urefu wa kebo za kwenda basiba una uzito zaidi: miliomu 15.5 za transfoma ni kidogo kiasi kwamba kebo ndefu upande mmoja inahamisha mzigo kwenda upande wa pili. Sawazisha urefu na unene.

## Hatua ya 6: Tepu

Transfoma mbili za kVA 500, zote 4.5%. Moja iko tepu moja juu, tofauti ya 2.5%. Mkondo unaozunguka kati yao:

2.5 ÷ (4.5 + 4.5) = asilimia 27.8 ya mkondo kamili

Ni ampea 193 kati ya 696, bila mzigo wowote. Mzigo ukija, zinajumlishwa kwenye moja na kupunguzwa kwenye nyingine, ingawa si kwa hesabu ya moja kwa moja kwa kuwa pembe zao zinatofautiana.

Usilinganishe namba za tepu, linganisha volti. Tepu ya 3 ya kiwanda kimoja inaweza kuwa sawa na tepu ya 2 ya kingine. Na kama kibadilisha tepu si cha kubadilishwa umeme ukiwepo, transfoma iwe imezimwa kabisa kabla ya kukizungusha.

## Hatua ya 7: Kundi la vekta na kipimo cha swichi iliyo wazi

Namba ya mwisho, kwa mfano 11 kwenye Dyn11, ni saa: kila saa ni nyuzi 30. Saa zikitofautiana, volti za fezi mbili zenye jina moja hazifiki kileleni pamoja, na impidansi haiwezi kukuokoa. Kwa transfoma zetu mbili za 4.5%, tofauti ya nyuzi 30 inapitisha mkondo wa kama mara 5.8 ya mkondo kamili. Nyuzi 60 inapitisha mara 11. Hapo si suala la kugawana mzigo tena. Ni shoti.

Benki uliyoifunga mwenyewe haina kibati kinachotaja kundi. Wewe ndiye uliyeliamua kwa nyaya zako, kwa hiyo kipimo hiki ni cha lazima zaidi kwake.

Utaratibu:

1. Washa transfoma zote mbili kwa msongo mkubwa. Swichi ya kuziunganisha upande wa chini iwe wazi.
2. Unganisha niutro zao. Bila hivyo hakuna njia ya kurudia, na maltimita itasoma karibu sifuri au namba zisizo na maana. Sifuri ya namna hii ndiyo inayodanganya watu.
3. Pima mfuatano wa fezi kila upande. Ulingane.
4. Pima kutoka kila fezi ya upande wa kwanza kwenda kila fezi ya upande wa pili: vipimo tisa. Viandike kwa chaki kwenye mlango wa paneli kadiri vinavyosomwa.

Kwa mfumo wa volti 415, kila fezi ya kwanza itakupa seti ya namba tatu:

- 0, 415, 415: sawa. Zinazosoma sifuri ndizo za kuunganishwa pamoja.
- 124, 339, 464: tofauti ni nyuzi 30, kama Dyn11 na Yyn0. Hakuna kubadilisha waya kwa nje kutakakozipatanisha. Acha.
- 240, 240, 480: tofauti ni nyuzi 60 au 180. Dyn11 na Dyn1 zinaangukia hapa, na hizo zinaweza kupatanishwa kwa kubadilishana fezi mbili za moja ya transfoma, juu na chini vyote viwili, kisha kupima tena zote tisa.

Ukipata 6 badala ya 0 na nyingine zikiwa karibu 415, rudi hatua ya 6. Tepu hazijalingana.

## Hatua ya 8: Breka zitahimili?

Hatua hii inasahaulika kwa sababu transfoma hufanya kazi vizuri bila hiyo, mpaka siku ya shoti.

Transfoma moja ya kVA 500, 4.5%, inaweza kutoa hadi 696 ÷ 0.045 = ampea 15,500 kwenye shoti ya karibu, ukichukulia gridi nyuma yake ni imara. Mbili sambamba zinatoa ampea 31,000. Breka ya tawi iliyochaguliwa enzi za transfoma moja, tuseme ya kiloampea 25, sasa iko chini ya kinachoweza kupita. Breka ya namna hiyo inaweza kupasuka badala ya kukata. Kagua kila breka, fyuzi na basiba iliyo chini ya muunganiko. Kama hazitoshi, badilisha vifaa au endesha kila transfoma na basiba yake, swichi ya kati ikiwa wazi.

## Hatua ya 9: Kufunga

Hakikisha mizigo yote imekatwa. Watu wasimame mbali na paneli, milango ifungwe. Funga swichi ya kuunganisha, kisha weka klampu kwenye kebo za chini za kila transfoma.

Bila mzigo, mikondo iwe karibu na sifuri. Mkondo unaoonekana na unaolingana kwenye transfoma zote mbili, wakati hakuna kinachotumia umeme, ni mkondo unaozunguka. Fungua, rudi kwenye tepu.

Kwa mzigo, uongeze kidogo kidogo na ulinganishe ampea na mgawanyo wa hatua ya 5. Benki yetu na transfoma ya 300 zikilishwa kVA 200, tarajia kama ampea 107 kwenye benki na 171 kwenye transfoma. Zikipishana sana na hesabu, kagua kwanza viungo na urefu wa kebo, halafu ndipo uitilie shaka impidansi iliyoandikwa.

Soma halijoto ya mafuta ya kila transfoma baada ya saa chache za mzigo wa kawaida, na urudie saa ya mzigo mkubwa zaidi. Andika namba hizo pamoja na kikomo cha kVA ulichokihesabu, uzibandike ndani ya mlango wa paneli, upande ambao fundi wa zamu ataziona kabla ya kugusa swichi.